Sanduku la Barua: Muhula Mmoja wa Masomo Ughaibuni

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinahusu jambo moja, nalo ni vijana wa Mombasa wanaopata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha nje kisha kurudi kumalizia shahada zao nyumbani. Wengi wa walioandika wameelekeza macho Ujerumani, na kwa kuwa niliwahi kusoma katika mji wa Leipzig kabla ya kurudi kufundisha hapa pwani, mhariri ameniomba nizijibu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na baadhi nimezifupisha.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ninaishi Tudor, na nimekubaliwa kwenda Leipzig kwa muhula wa baridi. Kila ninayemuuliza hunieleza habari za theluji na majengo ya kale, lakini hakuna anayeniambia siku ya kawaida ya mwanafunzi huko inakwendaje. Naomba unieleze. (Mwanafunzi, Tudor)*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza habari za siku ya kawaida, kwa sababu muhula wote utaundwa na siku za namna hiyo, na anayejiandaa kwa ajili ya picha za kutuma nyumbani pekee hujikuta hajui la kufanya Jumanne asubuhi.

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kumalizika tarehe 31 Machi, ingawa mihadhara yenyewe huanza katikati ya Oktoba na kwisha mapema Februari, ikikatizwa na mapumziko ya Krismasi na mwaka mpya. Wiki zako za kwanza zitakuwa za karatasi. Sheria inamtaka kila anayehamia katika makazi aende ofisi ya manispaa kujiandikisha katika muda wa wiki mbili, akiwa na pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi hapo. Cheti utakachopewa ndicho utakachoulizwa benki na katika ofisi ya uhamiaji utakapoomba kibali cha kuishi, kwa hiyo usikiahirishe hata kama safari imekuchosha. Miadi ya ofisi hizo hujaa haraka, na nakushauri uiombe kwa intaneti ukiwa bado Tudor, mara tu utakapojua anwani yako.

Mihadhara ikishaanza, utaamka gizani. Mwezi Desemba jua la Leipzig huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua yapata saa kumi alasiri, jambo ambalo mtu wa Mombasa, aliyezoea kuona jua likichomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, hawezi kulielewa kwa kuambiwa tu. Kipindi cha kwanza cha asubuhi mara nyingi huwa saa tatu na robo, na kila kipindi huchukua dakika 90. Ukiona ratiba imeandikwa kwamba somo ni saa tatu, uliza kwanza kama linaanza saa tatu kamili au robo saa baadaye, kwa sababu vyuo vya Ujerumani vina desturi ya zamani ya kuwapa wanafunzi robo saa ya kutembea kutoka jengo moja hadi jingine. Robo saa hiyo ikipita, mwalimu huanza, na anayeingia akiwa amechelewa hutazamwa na darasa zima.

Jambo litakalokushughulisha zaidi ni namna ya kusoma. Hapa kwetu wengi tumezoea kuandika anayosema mhadhiri na kuyarudisha kwenye mtihani, ilhali katika semina za kule utatarajiwa uwe umesoma makala ya wiki hiyo kabla ya kuingia, na mwalimu atakuuliza unaonaje. Kunyamaza kwa heshima, ambako nyumbani ni adabu, huko huweza kuchukuliwa kuwa hukusoma. Andaa swali moja au hoja moja kila wiki na uiseme mapema, kabla wenzako hawajayamaliza yaliyo mepesi. Tofauti hiyo huwaumiza wanafunzi wetu wazuri, na hakuna anayewatahadharisha. Mzigo wa muhula mzima huhesabiwa kuwa alama 30 za mfumo wa Ulaya wa kupima kazi ya masomo (ECTS), na kila alama moja hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, ukijumlisha kusoma mwenyewe. Usijaze kozi kwa tamaa, maana kuandika insha ndefu katika lugha ya kigeni huchukua muda mara mbili ya unavyodhani.

Mchana utakula katika mgahawa wa chuo, ambako kadi ya mwanafunzi inakupa bei nafuu, na jioni utapika katika jiko la pamoja la hosteli. Humo utajifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo: kwamba taka hugawanywa katika mapipa tofauti ya karatasi, ya vifungashio, ya mabaki ya chakula na ya vilivyobaki, kwamba chupa nyingi za plastiki na mikebe ya vinywaji ina dhamana ya senti 25 unayorudishiwa kwenye mashine ya dukani, kwamba maji ya mfereji ni salama kunywa bila kuchemshwa, na kwamba kuanzia saa nne usiku kelele haziruhusiwi. Utajifunza pia kufungua madirisha wakati wa baridi. Sisi tulioishi na upepo wa bahari hudhani kwamba dirisha lililofungwa siku nzima ndiyo njia ya kuhifadhi joto, lakini mvuke wa sufuria za pilau na wa nguo zilizoanikwa ndani huganda kwenye kuta na kuota ukungu, na mwenye nyumba atakutoza. Yafungue wazi kabisa kwa dakika chache asubuhi na jioni, kisha uyafunge.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa mujibu wa sheria, na anayesahau kununua chakula Jumamosi hubaki na maduka ya stesheni ya reli. Siku hiyo itakulemea kuliko baridi yenyewe, kwa sababu mtu wa Mji wa Kale amezoea kwamba akitoka mlangoni kuna baraza, kuna muuza kahawa na kuna mtu wa kumwamkia. Kule watu hawapitiani nyumbani bila miadi, na hawafanyi hivyo kwa kukuchukia. Wewe ndiwe utakayelazimika kualika. Ukipika mbaazi na mahamri Jumapili asubuhi na kuacha mlango wa jiko wazi, majirani wa ghorofa yako watakuja, na wiki inayofuata mmoja wao atakualika wewe.

*Assalaam aleikum Mwalimu. Binti yangu wa kwanza amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa miezi sita. Nimemruhusu, lakini silali. Atakula nini, ataswali vipi, na je, atakuwa salama? Na nimfungie nini kwenye sanduku? (Mama wa Majengo)*

Wa aleikum salaam, mama. Kutolala kwako ninakuelewa, na nitakujibu bila kuyapamba mambo.

Chakula cha halali kinapatikana. Katika miji mingi ya Ujerumani kuna maduka ya Waturuki na Waarabu yanayouza nyama ya halali, mchele, dengu na viungo, na katika Leipzig mtaa wa Eisenbahnstraße unajulikana kwa maduka ya namna hiyo. Tui la nazi la mkebe linauzwa katika maduka ya Waasia, kwa hiyo mbuzi ya kukunia nazi si lazima asafiri nayo, ingawa nazi zenyewe ni miongoni mwa vichache vinavyoruhusiwa. Naomba uzingatie sana hapa, kwa sababu mizigo ya watu wetu hufunguliwa viwanjani. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa, kwa hiyo samli na nyama ya kukausha vibaki nyumbani. Matunda na majani mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano yaliyosamehewa: nazi, ndizi, mananasi, tende na doriani. Embe za msimu, ndimu na majani ya mchuzi mabichi vitanyang'anywa. Viungo vikavu kama iliki, karafuu, mdalasini na bizari havina shida, wala achari ya embe iliyofungwa vizuri chupani. Samaki wa matumizi ya mtu binafsi wanaruhusiwa hadi kilo 20, lakini papa mkavu katika jiko la watu wengi atawaletea wenzake taabu, na ningemshauri asimbebe.

Kuhusu nguo, mpeleke Kongowea kwenye mitumba umchagulie koti zito na sweta mbili za kuanzia. Ni nguo zilezile zinazovaliwa huko, kwa bei ndogo sana, na zitamsitiri siku ya kutua. Viatu vya baridi avinunue hukohuko, kwa sababu vinavyouzwa hapa mara nyingi soli yake huteleza kwenye barafu. Mtilie leso mbili. Zitamfaa kwa kila kitu, na mgeni akiuliza maana ya jina lililoandikwa, mazungumzo yameshaanza.

Swala zinawezekana, ila mpangilio wake utamshangaza. Katika Desemba adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa sita mchana na magharibi huingia yapata saa kumi, kwa hiyo swala tatu zinakaa ndani ya saa nne hivi ambazo huenda zikawa za darasani. Aangalie ratiba ya msikiti wa mji huo, na achague vipindi vyake akiwa na ratiba hiyo mkononi. Kinyume chake, alfajiri ya baridi huchelewa sana, na hilo ni nafuu kwake. Mwaka 2026 Ramadhani iliangukia Februari na Machi, na kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, kwa miaka michache ijayo itaangukia majira ya baridi, ambapo siku ya kufunga si ndefu kuliko ya Mombasa. Ugumu utakuwa wa futari. Kufuturu peke yako chumbani, simu ikikuonyesha sinia ya nyumbani, kunatia majonzi kuliko njaa. Misikiti mingi huandaa futari ya pamoja, na nakuomba umhimize aende tangu siku ya kwanza, asisubiri mpaka azidiwe na upweke.

Ama usalama, miji ya huko kwa jumla ni salama kwa mwanafunzi, na tramu za usiku hutumiwa na wanawake wanaosafiri peke yao. Hata hivyo ubaguzi upo, na sitaki aende akidhani haupo. Huenda akaambiwa neno baya barabarani, na msichana anayevaa hijabu huonekana kwa urahisi zaidi. Awe na kundi la marafiki wanaojua alipo, aripoti katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, na azikariri namba mbili: 110 ya polisi na 112 ya gari la wagonjwa na zimamoto. Wakati wa kiangazi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi kwa saa mbili. Ukimpigia baada ya swala ya isha nyumbani, atakuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka maktaba.

*Mwalimu, mzee wangu ni makanika na hawezi kulipa mamilioni. Nimeambiwa lazima nionyeshe fedha nyingi benki kabla ya kupewa viza. Ni kweli? Na je, naweza kufanya kazi huko? (Msomaji, Changamwe)*

Ni kweli kwamba anayejilipia mwenyewe hutakiwa kuthibitisha fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani yuro 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida fedha hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo hukuruhusu kutoa kiasi cha mwezi mmoja tu kila mwezi. Ukikadiria yuro moja kuwa shilingi 150, mwezi mmoja unakaribia shilingi 149,000. Hakikisha kiwango kwenye ubalozi ulioko Nairobi kabla ya kuomba, maana hubadilishwa.

Lakini usikate tamaa kabla hujabisha mlango sahihi. Mwanafunzi anayekwenda kwa makubaliano ya vyuo viwili kwa kawaida halipi ada ya masomo kule, na anayepata ufadhili huonyesha barua ya ufadhili badala ya akaunti hiyo. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya hugharimia wanafunzi kutoka nchi zilizo nje ya Ulaya pale ambapo vyuo viwili vimeomba pamoja, na shirika la DAAD la Ujerumani, linaloshughulikia kubadilishana wanafunzi na lililoanzishwa mwaka 1925, lina ofisi Nairobi. Nenda kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, uulize ni mikataba ipi iliyo hai mwaka huu na mwisho wa maombi ni lini. Wanafunzi wengi wa pwani hukosa nafasi hizi kwa sababu tangazo lilibandikwa na kubanduliwa bila wao kupita mbele yake.

Kazi inaruhusiwa kwa kipimo: siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, kwa sheria iliyoanza Machi 2024. Ichukulie kuwa nyongeza. Anayekwenda kwa muhula mmoja akitegemea mshahara wa kuosha vyombo hurudi bila alama na bila fedha. Katika bajeti yako usisahau bima ya afya, ambayo ni ya lazima na kwa mwanafunzi huzidi yuro 100 kwa mwezi, pamoja na ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi, inayotozwa kila nyumba hata kama haina televisheni. Barua yake itakufikia baada ya kujiandikisha. Mkikaa watu wanne katika nyumba moja mnailipa mara moja tu na kugawana.

*Mwalimu, nitakwenda Leipzig muhula wa kiangazi, kuanzia Aprili. Nina orodha ndefu ya nchi ninazotaka kuziona, nchi moja kila wikendi ikiwezekana: Ufaransa, Italia, Uholanzi, Uhispania, Uingereza na nyinginezo. Nipangeje safari zangu? (Kijana wa Likoni)*

Ndugu yangu, nitaanza na sheria, kisha nitakuomba uipunguze orodha yako.

Viza ya muda mrefu au kibali cha kuishi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Nchi hizo sasa ni 29, baada ya Bulgaria na Romania kukamilisha kujiunga tarehe 1 Januari 2025. Uingereza na Ireland hazimo, na Mkenya anazihitajia viza za peke yake, kwa hiyo ziondoe. Usisafiri hata kwa siku moja bila pasipoti na kibali chako halisi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na basi la usiku likisimamishwa, picha ya pasipoti kwenye simu haitakusaidia.

Sasa orodha. Nchi moja kila wikendi ina maana ya kulala kwenye mabasi Ijumaa na Jumapili, kuingia semina ya Jumatatu ukiwa hujasoma, na kukumbuka stesheni kuliko miji. Nimewaona vijana wakirudi wakiwa na picha mbele ya kila mnara lakini hawawezi kueleza watu wa Leipzig wanafanya kazi gani. Anza na mji unaoishi. Chuo Kikuu cha Leipzig kilianzishwa mwaka 1409. Stesheni yake kuu ilikamilishwa mwaka 1915, nayo ni miongoni mwa kubwa kuliko zote Ulaya. Katika kanisa la Mtakatifu Thomas, mwanamuziki Johann Sebastian Bach alifanya kazi tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Nenda pia kanisa la Mtakatifu Nikolai, uwasikilize wazee waliokuwapo mwaka 1989. Maombi ya amani ya kila Jumatatu yalikuwa yakianzia pale, na tarehe 9 Oktoba mwaka huo watu wapatao 70,000 waliandamana kuzunguka katikati ya mji, vikosi vya serikali vikiwa tayari, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Waliotembea usiku ule bado wanaishi humo, na ukiuliza kwa heshima watakueleza.

Kwa safari za nje ya mji, chombo chako ni tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inayokuruhusu kupanda treni zote za mikoa, tramu na mabasi ya mijini kote Ujerumani. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026, na vyuo vingi huwapa wanafunzi wao tiketi ya namna hiyo kwa asilimia 60 ya bei. Haikubaliki kwenye treni za mwendo kasi, na hilo usilisahau, maana faini ni kubwa. Treni za mikoa huenda polepole na huchelewa, lakini hukupitisha katika miji midogo ambayo usingeiona kamwe. Nenda Dresden kwa siku moja. Nenda Weimar, na ukiwa huko panda basi hadi Buchenwald, iliyokuwa kambi ya mateso tangu 1937 hadi 1945 na ambamo waliuawa watu zaidi ya 50,000. Kuingia ni bure. Usipange starehe yoyote baada yake siku hiyo.

Berlin utakwenda bila kuambiwa na mtu. Ninachokuomba ni ufike mtaa wa Wilhelmstraße, palipokuwa na jumba la chansela ambamo mkutano wa kugawana Afrika ulifanyika tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani ziliandikiana makubaliano yaliyomwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10, na Likoni yako ilikuwa ndani ya ukanda huo. Kijana wa pwani anayesoma Ujerumani ana haki ya kusimama mahali pale akijua anachokitazama.

Safari ambayo ningeitanguliza mbele ya Paris na Roma ni ya Hamburg, na ningeipa siku tatu. Ni mji wa bandari, na mtu aliyekua akisubiri feri ya Likoni atauelewa haraka kuliko watalii wengi. Tiketi yako ya mwezi inakubalika kwenye feri za abiria za mto Elbe. Panda namba 62 kutoka Landungsbrücken, ukae juu, utazame meli za makontena zikishushwa mizigo. Kisha shuka katika njia ya zamani ya chini ya mto, iliyofunguliwa mwaka 1911, yenye urefu wa mita 426, ambayo ilijengwa ili wafanyakazi wa bandari na viwanda vya meli wavuke bila kutegemea feri. Waendao kwa miguu hawalipi, kama ambavyo hawalipi Likoni. Nilipoipita nilifikiria umati wa saa kumi na mbili asubuhi pale kwetu na miaka ambayo tumeongelea vivuko vipya, na nilitamani wahandisi wetu wote waletwe pale kwa wiki moja.

Maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt, ambayo yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2015, yalihifadhi kahawa, chai na viungo. Uhusiano wa mji huo na pwani yetu ni wa zamani kuliko ukoloni wa Wajerumani, kwani wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa Zanzibar tangu katikati ya karne ya 19, wakinunua kauri za baharini na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha, na mwaka 1859 miji huru ya Kijerumani iliandikiana mkataba wa biashara na Sultani. Katika makaburi ya Ohlsdorf, kaskazini mwa Hamburg, amezikwa Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyeolewa na mfanyabiashara wa mji huo, akaitwa Emily Ruete, na kufariki mwaka 1924. Makaburi hayo ni makubwa mno; uliza mlangoni wakuonyeshe njia kwenye ramani.

Ukitaka nchi nyingine, chagua moja au mbili na uzipe muda. Prague iko karibu na Leipzig kwa kupitia Dresden, na nauli ya basi huwa nafuu ukikata mapema. Kumbuka kwamba Ucheki, Poland, Denmark na Uswisi hazitumii yuro, na kwamba Uswisi itakumalizia bajeti ya wiki kwa chakula cha siku moja. Ufaransa na Italia ziweke Agosti, baada ya mitihani.

*Mwalimu, sijui Kijerumani hata neno. Niahirishe? (Kisauni)*

Usiahirishe. Vyuo vingi vina kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, na utachagua hizo. Hata hivyo, anza Kijerumani leo, kwa sababu barua za manispaa, za bima na za mwenye nyumba zitaandikwa kwa Kijerumani, na daktari wa mtaani huenda asijue kingine. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui wanapofika. Tafuta mwanafunzi wa Kiswahili, mkutane saa mbili kila wiki, saa moja kwa lugha yake na saa moja kwa yako. Jiandae vizuri kwa saa yako, maana atakuuliza kwa nini tunasema "mti umeanguka" na si "mti ameanguka", na kuzaliwa Kisauni pekee hakutoshi kulijibu swali hilo.

*Mwalimu, nimerudi Mombasa tangu Machi na chuo changu bado hakijazitambua kozi nilizofanya Ujerumani. Wananiambia nizirudie. Nifanyeje? Mdogo wangu naye anaondoka Oktoba. (Msichana wa Bamburi)*

Dada yangu, tafuta kwanza nakala ya makubaliano ya masomo, ile fomu iliyotiwa saini na wewe, chuo chako na chuo cha kule kabla hujaondoka. Kama kozi ulizofanya zimo ndani yake, chuo chako kilikwisha kukubali kuzitambua, na hupaswi kuomba kama fadhila. Iambatanishe na matokeo rasmi yenye mhuri, maelezo ya kila kozi na idadi ya alama zake, umwandikie mkuu wa idara, na nakala uipeleke ofisi ya msajili. Omba jibu la maandishi. Ikiwa ulibadilisha kozi baada ya kufika, uliza chuo cha Leipzig kama kilitia saini mabadiliko hayo. Mratibu wa idara ya kule hujibu barua pepe za wanafunzi waliokwisha kuondoka. Matokeo ya insha za mwisho wa muhula huchelewa miezi kadhaa, kwa hiyo chunguza pia kama kinachokosekana ni alama ya mwalimu mmoja tu.

Mdogo wako mwambie aipige picha fomu hiyo kila inapobadilishwa na aiweke mahali pawili. Mwambie pia asiondoke kule kabla ya kufuta uandikishaji wake wa makazi, jambo linalowezekana kuanzia wiki moja kabla ya kuhama, na cheti atakachopewa akipeleke kwa kampuni ya bima, benki na ofisi ya ada ya redio ili madai yasiendelee kuhesabiwa. Tiketi ya mwezi aifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi wa mwisho. Dhamana ya chumba hurudishwa baada ya ukaguzi, pengine wiki kadhaa baada ya yeye kufika nyumbani, kwa hiyo akaunti ya benki aiache wazi mpaka fedha hizo ziingie.